Neno Lipi Refu: Ng'ombe au Sisimizi?

Ahsante, mwenyekiti. Ndugu zangu, naanza na swali, na nawaomba walionisikia nikiliuliza kwingine wanyamaze, wawaachie wenzao. Neno lipi refu: ng'ombe au sisimizi?

Mnacheka. Mmejibu "sisimizi" hata kabla sijafunga mdomo. Sasa niwaambie alivyojibu mwanakisomo wangu mmoja, mtu mzima anayejifunza kusoma, mzee mwenye busara zake, mtu ambaye wenzake wakigombana ndiye anayeitwa kuamua. Hakucheka. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mgeni aliyepotea njia, akasema: "Ng'ombe, mwalimu. Sisimizi unamkanyaga bila kujua."

Nikadhani hakunisikia vizuri. Nikamwambia siulizi mnyama, nauliza neno. "Ndiyo," akasema, "neno ng'ombe. Ng'ombe ni mkubwa." Nikarudia mara ya tatu kwa sauti ya juu zaidi, maana sisi walimu tunaamini kwamba asiyeelewa ni kiziwi. Mzee akanyamaza. Wiki iliyofuata hakuja.

Nilimkasirikia. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba wa kukasirikiwa ni mimi. Mzee hakukosea. Kwa mtu ambaye hajawahi kusoma, neno kazi yake ni kumfikisha kwa ng'ombe, na akishafika kwa ng'ombe, neno la nini tena? Mimi na ninyi tunaliona neno lenyewe, tunaligeuza, tunalipima, kwa sababu tulishaliona limelala kwenye karatasi. Kusoma ndiko kulikotupa macho hayo, kisha tukasahau kwamba tulipewa.

Na si mzee wangu peke yake. Mwaka 1979 watafiti walichapisha majaribio waliyowafanyia watu wazima huko Ureno, wa mazingira yaleyale, wengine hawajui kusoma kabisa, wengine walijifunza ukubwani. Waliwaomba wadondoshe sauti ya kwanza ya neno, au waongeze moja mbele yake. Waliojifunza ukubwani wengi waliweza. Wasiojua kusoma wengi walishindwa, na lugha yao wanaizungumza barabara kama wenzao! Baadaye ikaonekana kwamba ukiwapa silabi badala ya sauti mojamoja, hawahangaiki kiasi hicho. Hilo la silabi ndilo lililonileta hapa, na ndilo ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti.

Ingieni darasa lolote la kisomo siku ya kwanza. Mwalimu ameandika ubaoni: mama. Anachapa fimbo yake juu ya kila herufi: "em, a, em, a... mama!" Darasa linaitikia. Sasa mwanakisomo aliye makini, yule hasa mnayemtaka, ataunganisha alichosikia: ema-ema. Kisha atauliza, na ana haki, huyo Ema ni nani na mama katokea wapi. Mwalimu atasema huyu ni mzito. Mzito ni nani hapo?

Jina la herufi si sauti yake. Na sauti ya konsonanti ikiwa peke yake haitamkiki vizuri. Jaribuni kutamka b bila irabu, mtaishia kupata kigugumizi. Lakini ba? Be? Mtu mzima amezitamka maisha yake yote. Basi wiki ya kwanza weka chaki chini. Pigeni makofi. Ki-ti, makofi mawili. Si-si-mi-zi, manne. M-tu: mawili, ndiyo, hiyo m inajitegemea, na wanakisomo huisikia kabla ya walimu. Ng'o-mbe, mawili. Ila msimwandike ng'ombe huyo mapema. Najua picha yake ni nzuri, kila chati inaye, lakini kumpa mtu n, g, ile alama ya juu ('), kisha mb, wote katika neno moja la mwanzo, ni kumfukuza.

Kiswahili kimetupa bahati tunayoichezea: irabu tano, silabi karibu zote zinaishia kwa irabu, unavyotamka ndivyo unavyoandika. Anayejifunza kusoma Kiingereza ukubwani angetuonea wivu. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili aliyefundisha watu wazima kusoma, alilijua hili kwa Kireno. Mwaka 1963 huko Angicos, Brazili, njia yake ilijaribiwa kwa vibarua wapatao 300, kwa saa zipatazo 40. Katika maneno yaliyotumika kwa njia hiyo, mashuhuri ni tijolo, yaani tofali. Kwanza watu wanazungumza: tofali analifyatua nani, nyumba anakaa nani? Halafu neno linapasuliwa: ti-jo-lo. Kutoka ti unapata ta, te, to, tu; vivyo hivyo jo na lo. Halafu wanaachiwa waunde maneno yao. Watu hunukuu siasa zake Freire na kusahau silabi zake. Mimi nachukua vyote viwili, lakini darasani naanza na silabi.

Kuna mtu pale nyuma ananung'unika kwamba watoto tumewafundisha kwa em-a-em-a na wakajua. Wamejua, ndiyo, kwa miaka, asubuhi kwa asubuhi. Mtu mzima ana saa moja, tena akitoka kazini amechoka. Na mtoto ukimwimbisha asichokielewa anafurahi. Mtu mzima anaona unamchezea.

Mwingine ataniletea methali: samaki mkunje angali mbichi. Kila mhadhara yupo. Ndugu yangu, mtu si samaki. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi uliopiga picha za bongo za watu 63 wa Ureno na Brazili, wakiwemo waliojifunza kusoma ukubwani. Mabadiliko mengi ambayo kusoma huyaleta kwenye ubongo yalionekana kwao pia. Na Kimani Maruge wa Kenya aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Tulimpigia makofi, na alistahili. Lakini hatukuuliza kwa nini mzee wa miaka 84 ajibane kwenye dawati la mtoto ndipo apate kufundishwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na hoja nne, nimesema moja. Ya pili ni kuandika: mkono uliozoea kazi nzito hukandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka, usimkemee, mpe kalamu nene, na aanze na jina lake, si mistari ya mazoezi. Ya tatu: akishajua, asome nini? Tanzania ya miaka ya 1970 ilianzisha magazeti ya vijijini na maktaba za vijiji kwa sababu hiyo. Asiyekuwa na cha kusoma husahau, na hilo halihitaji mhadhara. Ya nne ni malipo ya walimu wa kisomo, naiacha, nisije nikaharibu mkutano.

Ila sijammalizia yule mzee. Nilimfuata, nikamwomba radhi, akarudi. Tukapiga makofi wiki mbili nzima. Jioni moja akanisubiri mlangoni, amekunja uso kama mwenye mashtaka. "Mwalimu," akasema, "nimewapima. Sisimizi anamshinda ng'ombe kwa makofi mawili." Akaangalia huku na huku, akashusha sauti. "Na bosi wangu jina lake zima ni makofi mawili tu. Langu matano."

Haya, maswali. Mwenye la samaki akae.