Magunia 20 Yaliishia Wapi?

Mhadhara kwa kamati za wazazi, wakuu wa shule za msingi na wapishi wa kantini, Bukavu

Bapapa na bamama wa kamati, walimu, na nyinyi wapishi mliojificha kule nyuma, habari za mchana. Faida ya chakula shuleni siisemi. Anayeitilia shaka aingie darasa la kwanza saa tano, awatazame waliokuja bila kitu tumboni. Nimekuja kusema habari ya taarifa za chakula hicho zinazopaswa kumfikia mzazi, tena, na mnaocheka mmeshanisikia.

Tuanze na magunia. Lori linaingia uwanjani na magunia 20 ya unga, kilo 50 kila moja. Mtaa mzima unaona. Watoto wanahesabu, na mtoto wa Kadutu akihesabu magunia hakosei. Baada ya wiki nne jikoni kumepoa. Jioni hiyo hiyo habari iko sokoni: mkuu wa shule amekula magunia. Sasa chukueni kalamu.

Kipimo cha mtoto mmoja kwa siku, na kantini nyingi zinazosaidiwa na PAM, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, zina kipimo kama hicho, tukiweke gramu 120 za unga, 30 za maharagi, 10 za mafuta, 3 za chumvi. Shule ina watoto 400. Unga ni kilo 48 kila siku, yaani gunia moja kasoro kilo mbili. Maharagi kilo 12. Mafuta kilo 4. Magunia 20 ni kilo 1,000. Gawanya kwa 48, unapata siku 20, zinabaki kilo 40 ambazo hazitoshi siku nzima. Mwezi ukiwa na siku 22 za masomo, siku mbili hazikuwa na chakula tangu lori lilipoegesha. Hakuna aliyeiba. Ila hakuna aliyesema.

Na mara nyingi hata siku hizo 20 hazifiki. Sufuria ikianza kunukia, waliokuwa hawaji wanakuja, na wadogo zao wanawafuata. Wiki ya pili mnapikia watoto 460. Mpishi ana njia mbili. Apike kilo zile zile 48, kila mmoja apate gramu 104, na mtoto afike nyumbani akisema, "Mama, wananipunguzia." Au alinde kipimo, apike zaidi ya kilo 55, na unga uishe siku ya 18. Njia zote mbili zina sababu. Njia zote mbili, zikifanyika kimya, zinaitwa wizi.

Kwa hiyo ubao. Si ule wa ofisini. Wa langoni, unaotazama barabara. Mistari minne, kwa Kiswahili, kabla watoto hawajatoka: watoto waliokula leo, kilo za unga na za maharagi zilizoingia sufuriani, siku zilizobaki, kesho tunapika au hatupiki. Huu wa nne uandikwe kwa herufi kubwa kuliko yote, maana ndio unaomwezesha mama kuamua kama abakize mihogo ya jioni kwa ajili ya kesho. Mama anayetoka kwenda sokoni alfajiri, tangazo la saa nne litamsaidia nini?

Gramu nazo hazionekani kwa macho. Siku ya mkutano wa wazazi pimeni unga wa mtoto mmoja kwa mizani, umimineni kwenye kikombe, pigeni mstari wa rangi pale ulipofika. Kikombe hicho kikae jikoni, na mzazi yeyote aruhusiwe kukiomba. Kando yake wekeni sahani iliyopikwa, kwa sababu unga huo ukishakuwa bugali unazidi gramu 300, na gramu 30 za maharagi makavu yakiiva zinafika kama 70. Mzazi aliyeambiwa "thelathini" bila kuona sahani anadhani mtoto wake anahesabiwa punje.

Mtu ataniambia: ukiandika akiba langoni unawaita wezi. Ndugu yangu, lori lilipiga honi! Wezi walijua kabla ya mwalimu. Andika siku zilizobaki. Idadi ya magunia na jina la mwenye ufunguo viache ndani. Mwingine atasema wazazi wengine hawasomi. Kweli. Chora sufuria, kama kesho hampiki, ikate kwa msalaba. Mtoto wa darasa la tano anaiweza kazi hiyo. Na WhatsApp? Inafaa kwa mwenye simu ya intaneti na mwenye mega, yaani bando. Bibi anayelea wajukuu kule Bagira ana simu ya vitufe. Chagueni mzazi mmoja kwa kila avenyi, yaani kila barabara ya mtaa, apate ujumbe mfupi kabla ya saa kumi na mbili jioni, apite milangoni.

Naona saa. Shule za zamu mbili: andikeni saa ya kila zamu, na unga wa zamu ya mchana upimwe asubuhi na kuwekwa kando, la sivyo hao wa mchana watakuta mnaosha sufuria.

Maharagi: yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu mpaka yaive kabisa. Mekundu yasiyoiva yanatapisha. Likitokea, waambieni wazazi siku hiyo hiyo ni watoto wangapi na walikula nini, kabla mtaa haujasema ni sumu.

Kuni na makala (makaa ya kupikia): tangu 2019 shule ya msingi ya serikali hapa Kongo ni bure, na mzazi ana haki ya kuuliza franka zake zinanunua nini. Kama kamati imekubaliana kuchangia, karatasi ibandikwe: kiasi kilichopatikana, kilichonunuliwa, bei, saini mbili. Aliyeshindwa kutoa, mtoto wake anakula. Hilo pia liandikwe, maana kuna wanaowabakiza watoto nyumbani kwa aibu.

Mtoto asiyeweza kula karanga au samaki, mzazi amtaje siku ya kuandikisha. Orodha hiyo inakaa ndani ya jikoni, kwa mpishi, si kwenye ubao wa langoni.

Mafuta na chumvi nimevitaja tu, tutavirudia. Mizani iko mezani, rangi pia. Kamati za Kadutu zije kwanza, na kila moja na kikombe chake.