Maji Mafu Ndiyo Jumapili Yetu

Mhadhara kwa wanafunzi wanaoanza utafiti wa mikoko, Ngome ya Lamu

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Mliokaa nyuma sogeeni mbele. Jengo hili lilikuwa gereza hadi 1984, na kuta zake bado hazijajifunza kusikiliza mihadhara.

Mwalimu wenu atawafundisha kupima miti. Mimi nimekuja kuzungumzia siku ambazo hampimi kitu. Naona wawili wameshafunga madaftari. Yafungueni, maana nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza upande wa Kipungani, kijiji cha kisiwani humu, nilifanya kazi siku kumi na mbili mfululizo. Nilikuwa kijana, fedha za utafiti zilihesabiwa kwa siku, na kupumzika nilikuona kama kuiba. Siku ya kumi na mbili nilikuwa mwandishi: wenzangu wanapima mzingo wa shina, wanaita namba, nami naandika. Ila nilikuwa naandika mzingo kwenye safu ya kipenyo. Mti wenye mzingo wa sentimita 31 una kipenyo cha kama 10 tu. Mimi nikaujaza 31. Na hesabu ya uzito wa mti haiongezeki sawasawa na kipenyo, inaruka. Ukizidisha kipenyo mara tatu na kidogo, uzito unapanda zaidi ya mara 15. Kwa mchana mmoja nilipanda msitu ambao Mungu hakuuumba.

Aliyegundua si profesa. Ni nahodha wetu, aliyekuwa amekaa ubavuni mwa boti akitafuna muhogo. Aliniuliza namba za mkandaa mmoja, aina ya mkoko, akautazama mti, akanitazama mimi: “Mwalimu, leo miti imenona.” Kisha akaniambia nirudi mjini nikalale, kwani maji mafu yameingia na hata pweza havuliwi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba sisi tunaofanya kazi kwenye tope hatuna Jumamosi wala Jumapili. Tuna mwezi. Ukiandama, na ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na kwa pwani yetu hupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo saa ya kazi. Unaingia maji yakiwa yanatoka, unapima, unatoka kabla hayajakurudia. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki hivi, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu: hayajai vizuri wala hayapwi vizuri, na saa nne asubuhi ndiyo kwanza yamejaa. Mililana, mikoko ya ukingoni mwa bahari, imesimama majini.

Najua kuna mmoja hapa atanisahihisha: mchu, mkoko wa upande wa nchi kavu, unabaki mkavu wakati huo huo, kwa nini tusiupime? Kweli unabaki mkavu. Na huo ndio mtego. Kila safari huwa kuna kipande cha kazi kinachowezekana, na anayekifuata atafika siku ya kumi na mbili akiandika nilichoandika mimi. Wekeni siku mbili za maji mafu kwenye ratiba na kwenye bajeti, ziwe na mstari wake. Mfadhili akiuliza, mwambieni ndizo siku za kusahihisha chombo cha kupimia. Chombo chenyewe ni nyinyi.

Siku ya kwanza ni ya kulala na ya miguu. Msicheke. Mizizi ya mkoko ina chaza, na chaza anakata kuliko wembe. Kidonda kilichoingia tope ukikiacha wiki nzima ndani ya kiatu kilichoroa, utakwenda hospitali na kazi itakuwa imekwisha. Osheni kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, na sabuni, kausheni hadi katikati ya vidole, vaeni makubazi, miguu ipate hewa. Na adhuhuri laleni. Watu wa bara wakiona maduka ya Lamu yamefungwa mchana wanasema uvivu. Hapa unyevu umejaa hewani, jasho halikauki, linadondoka tu. Na jasho lisilokauka halikupozi. Ukizunguka na jua la saa saba unachemka huku umeroa.

Wazee wana neno zuri, mkunguru: maradhi ya mgeni ambaye mwili wake haujaizoea nchi. Kulizoea joto kunachukua kama wiki moja hadi mbili, na hakuna njia ya mkato. Lakini msiifanye kila homa kuwa mkunguru. Homa ikiingia, nendeni mkapime malaria siku hiyo hiyo.

Kuhusu kunywa: dafu ni tamu, lakini lina chumvi kidogo, na jasho linatoa chumvi nyingi. Kunyweni dafu, na chakula kiwe na chumvi yake. Mahamri na mbaazi asubuhi sina haja ya kuwahubiria.

Siku ya pili ndiyo ya mazoezi. Mtaniambia, tumekokota miguu kwenye tope siku saba, mazoezi gani tena? Tope linakukunja. Unainama kuusoma utepe, unaruka mizizi, mgongo hauinuki. Mwili unataka kunyooka: kutembea wima, kuogelea, kurusha mikono. Na hapa mwezi umetupangia vizuri kuliko mratibu yeyote. Maji mafu hupwa karibu na alfajiri na tena jioni, kwa hiyo njia ya ufukweni ya kwenda kijiji cha Shela iko wazi wakati ambao jua bado lina huruma. Ni kama kilomita tatu tu. Ukifika, mbele yako una mchanga wa kilomita 12. Tembeeni pale palipogandamana na maji; mchanga laini ukikimbilia unaumiza kano za kisigino. Kuogelea, msiende peke yenu na msiende mbali, kwenye mlango wa bahari pana mkondo. Saa mbili asubuhi muwe mnarudi, kabla maji hayajaifunika njia.

Jioni kuna mpira. Mimi nilicheza beki mbovu kwa miaka mitatu, na milango iliyofunguliwa na ubeki ule haikufunguliwa na barua yoyote yenye muhuri. Kijana aliyenipiga chenga ndiye aliyekuja kunionyesha mikomafi, aina nyingine ya mikoko, ambayo ramani yetu haikuwa nayo.

Ijumaa ikiangukia bamvua, muulizeni nahodha kwanza. Kuna mabaharia wasiotoka hadi baada ya sala, na ni haki yao.

Sasa, mwezi una siku sita leo. Boti ya Kipungani haiendi kesho wala kesho kutwa, hata mkinililia. Anayetaka kwenda Shela tukutane jetini saa kumi na mbili kasorobo asubuhi kesho kutwa, aje na maji na kofia. Mpira nitauleta mimi; wa mwaka jana ulichukuliwa na punda.