Maneno Yanayolingana kwa Hesabu ya Vijineno

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na wazazi mliofika jioni hii hapa Tabora, naomba tuanze na herufi nne: a, i, l na m. Kwa herufi hizo, kila moja ikitumika mara moja tu, Kiswahili kimetupatia mali, mila, lima, lami na imla. Anayehesabu herufi peke yake atasema maneno haya matano ni mamoja, kwa kuwa mpangilio umempotea. Je, tuhesabu nini ili tuurudishe?

Tuhesabu vijineno. Kijineno ni kinachobaki tukifuta baadhi ya herufi bila kuzihamisha zilizosalia, na kikipatikana kwa njia tatu tunakihesabu mara tatu. Tukishachagua namba k, maneno mawili yanalingana ikiwa kila kijineno chenye herufi zisizozidi k kimo katika yote mawili kwa idadi ileile. Wanahisabati Michel Rigo na Pavel Salimov waliuchunguza ulinganifu huu katika makala yao ya mwaka 2015. Mwaka 1975 mwanahisabati Imre Simon alikuwa ameuliza tu kama kijineno kimo au hakimo. Mimi naona idadi inatuambia mengi zaidi.

Herufi mbili zinatosha kutenga mali na lima, maana kijineno al kimo katika mali, hakimo katika lima. Lakini tazameni treni pale stesheni, tukiisoma kila treni kama neno, A ikiwa behewa la abiria na M la mizigo. Katika AMMA, na katika MAAM pia, AM imo mara 2, MA mara 2, AA mara 1 na MM mara 1. Kwa k = 2 zinalingana kabisa! Ni herufi tatu zinazozitenga: AMA imo mara 2 katika AMMA, na katika MAAM haimo.

Sasa, kila A tuiandike AM, na kila M tuiandike MA, kama katika mfuatano uliochunguzwa na mwanahisabati Mnorwe Axel Thue. Tunapata AMMAMAAM na MAAMAMMA, ambazo zinalingana hata kwa k = 3 (AMA imo mara 10 katika kila moja) na kutengana kwenye 4. Tukianza na A na M, tukarudia kazi hiyo mara k, tunapata treni mbili zenye mabehewa 2 kwa kipeo cha k, zinazolingana hadi k na kutengana kwenye k + 1. Kwa hiyo hakuna k moja inayotosha maneno yote, ingawa maneno mawili tofauti yenye urefu mmoja hutengana daima k ikifikia urefu wao.