Kutoka "Nakaa Dodoma" Hadi "Kwetu Dodoma"

Mbukwenyi! Asanteni kwa kuitikia. Wenyeviti wa mitaa, walimu wangu, vijana mnaosomea mipango miji, nashukuru mmeiacha kazi mchana huu mkaja kunisikiliza.

Kuna maswali mawili ambayo kila Mtanzania ameshaulizwa. La kwanza, "Unakaa wapi?" La pili, "Kwenu wapi?" Unakokaa ni makubaliano yako na mwenye nyumba. Kwenu ni pale ambapo usipoonekana siku mbili, mtu anakuja kugonga mlango. Hapa Dodoma tumejaa tunaojibu swali la kwanza kwa kutaja Kisasa, Ilazo au Nkuhungu, na la pili kwa kutaja Moshi, Mbeya au Kigoma. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu 410,956 katika jiji hili. Ya 2022 ikatukuta 765,179. Wamo watoto waliozaliwa hapa, lakini wamo pia maelfu walioshusha masanduku baada ya Serikali kuanza kuhamia kwa kasi, kuanzia 2016. Hawa wote tumewapimia viwanja, tumewachongea barabara, tumewavutia umeme. Mahali pa kuzoeana ndipo tulipopasahau.

Nami ni mmoja wao. Nilihamia 2018, mwaka uleule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji. Kila Ijumaa mchana nilikuwa stendi, begi mkononi, nawahi basi la Dar es Salaam. Mwaka ukakatika simjui hata jirani wa ukuta mmoja.

Jirani na nilipopanga palikuwa na kiwanja cha wazi. Udongo mwekundu mtupu, na mwarobaini mmoja mkubwa. Chini yake palikuwa na gogo na mawe manne, yamelainika juu kwa kukaliwa. Wazee wawili watatu walicheza drafti kwa vizibo vya soda, upande mmoja vimegeuzwa chali, upande wa pili kifudifudi. Pembeni mama mmoja aliuza kahawa na kashata. Jioni moja ya Oktoba umeme ulikatika, ndani joto halivumiliki, nikatoka nikaketi kwenye jiwe la mwisho. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Kesho yake nikarudi. Wiki ya tatu nikaenda msibani Dar, na niliporudi, mzee mmoja akasema bila kuinua macho kwenye drafti: "Binti, juzi na jana hukuonekana. Tukasema labda unaumwa."

Nilikosa la kujibu. Nilikuwa nimekumbukwa na watu ambao sikuwa nimewaambia hata jina langu. Kuanzia hapo safari za Ijumaa zikapungua, zikawa za mwezi mara moja, kisha za sikukuu.

Mti ule haupo tena. Kiwanja kilipimwa upya, zikajengwa fremu za biashara. Wazee wakahamia barazani kwa duka moja, na baada ya muda wawili wakaacha kuja. Nilimuuliza mmoja sababu. Akaniambia pale unakaa kwa hisani ya mwenye duka, na asiye na hela ya soda huona haya. Naomba mlishike jibu hilo, hasa nyinyi mtakaochora bustani kesho. Mahali panapokutaka ununue kitu ndipo ukae hapawezi kufanya kazi ya ule mwarobaini, hata pakiwa pazuri kiasi gani.

Haya si ya Dodoma peke yake. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, wakiwamo Frances Kuo na William Sullivan, walichapisha utafiti kuhusu maghorofa ya Robert Taylor Homes, Chicago. Majengo yalifanana, na wapangaji walikuwa maskini waliopewa vyumba bila kuchagua waangalie upande gani. Tofauti ilikuwa nje: baadhi ya majengo yalikuwa na miti na nyasi, mengine sakafu ngumu tupu, kwa sababu sehemu nyingi zilikuwa zimesakafiwa miaka ya nyuma ili kupunguza vumbi na gharama za matunzo. Walioishi penye miti walikaa nje zaidi, walifahamiana zaidi na majirani, na walijisikia salama zaidi. Wenzangu, sisi nasi tuna vumbi, na dawa tunayoikimbilia ni ileile, kumwaga vitofali vya zege hadi kwenye shina.

Tena kati ya 2008 na 2010, taasisi ya Knight na kampuni ya Gallup waliwahoji wakazi wa miji na maeneo 26 ya Marekani ili kujua kinachowafunga watu na mahali wanapoishi. Yaliyoongoza ni nafasi za kukutana, moyo wa kupokea watu wa kila aina, na uzuri wa mahali, bustani zikiwemo. Hali ya uchumi ilikuja nyuma ya hayo.

Najua mtaniambia tunayo bustani ya Chinangali, tunayo Nyerere Square yenye sanamu ya Mwalimu. Ni kweli, na nafurahi kuona familia zikienda. Lakini huko mtu huenda siku amejipanga, watoto wameogeshwa, nauli ipo. Mazoea hujengwa na mahali unapopita ukiwa na kandambili. Kwa hiyo mimi ningeanza na kieneo kidogo cha kila mtaa kabla ya bustani kubwa nyingine. Mpango wa kwanza wa makao makuu, wa 1976, haukuwa mbali na wazo hili: ulichora makazi yaliyounganishwa kwa njia za mabasi na za waenda kwa miguu.

Na tusijidanganye kuhusu maji. Hapa tunapata milimita 600 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Ukoka wa kumwagilia kila siku na kibao cha "Usikanyage majani" hautufai. Kinachotufaa ni kivuli: mwarobaini, mkwaju, mgunga. Na mche unaishi ukiwa na mwenyewe. Nimemwona mama akimwaga maji aliyooshea mboga kwenye mche uliozungushiwa miiba, nje kabisa ya uzio wake. Nilipompongeza alinijibu, "Huu wangu, nimeupanda nikiwa na mimba ya huyu," akamwonyesha mtoto.

Taa na choo navyo ni lazima, maana bila hivyo saa kumi na mbili jioni wanawake na mabinti wameshaondoka.

Wenyeviti, CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, ilivunjwa 2017 na kazi zake zikahamia Halmashauri ya Manispaa, ambayo sasa ni ya Jiji. Nendeni mkaulizie ramani ya mtaa wenu, mwone ni vipande vipi vilivyoandikwa maeneo ya wazi, kisha mwende navyo kwenye mkutano wa mtaa mkavitaje mbele ya watu. Mashimo yachimbwe Novemba, miche iwekwe mvua za kwanza zikidondoka. Mimi nimeshaomba mche wa mwarobaini kwa mtaa wangu.

Sasa niwasikilize nyinyi. Mama pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja choo. Karibu, mama.