Uzito wa Mgonjwa Usibaki Wodini

Wauguzi wenzangu, madaktari, na ninyi ndugu mnaouguza nyumbani, asanteni kwa kuja. Leo nazungumzia lishe ya mgonjwa wa saratani anaporuhusiwa hospitali: habari za uzito na ulaji wake zisafiri naye. Nitaanza na daftari.

Lilikuwa daftari la shule, gamba limechanika, limeviringishwa kwenye khanga. Aliniletea binti aliyekuwa akimuuguza baba yake mwenye saratani ya koo. Mzee alikuwa amemaliza matibabu ya mionzi mjini, akarudishwa kijijini na mpira wa kulishia puani. Mnajua hali yetu: mionzi inapatikana hospitali za Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na sehemu nyingine chache, kwa hiyo mgonjwa lazima asafiri, na akisafiri anabadilisha mikono. Barua yake ya kuruhusiwa ilieleza mionzi yote aliyopata, dawa za maumivu na tarehe ya kurudi kliniki. Kuhusu ule mpira hapakuwa na neno hata moja. Umewekwa lini, kinapita nini humo, kiasi gani, ukiziba aende wapi: kimya.

Siku ya nne ukaziba, maana uji ulikuwa mzito na haukuchujwa. Kituo cha jirani wakauchomoa, wakamtundikia dripu, wakamwambia ajitahidi kunywa kidogo kidogo. Simlaumu muuguzi wa kule. Angejuaje?

Hapa naomba tuwe makini. Lita nzima ya dripu ya dekstrosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari, yaani kalori zisizofika 200. Mgonjwa wa saratani anahitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na protini isiyopungua gramu moja kwa kilo, ikiwezekana ifike gramu moja na nusu. Dripu ile ilimpa mzee maji. Chakula hakupata.

Aliporudi kliniki wiki sita baadaye alikuwa na kilo 44, na waliompokea wakaandika 44, basi. Binti ndiye aliyefungua daftari akasema, "Lakini siku tunaruhusiwa alikuwa na 51, niliandika mwenyewe." Kilo saba! Kupungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita tayari ni dalili mbaya. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni kilo tatu tu. Uzito wa leo usio na uzito wa jana pembeni yake haumwambii daktari chochote.

Tena ipo hatari ambayo wengi tunaisahau. Mtu aliyekaa siku nyingi bila kula, ukimjaza chakula kwa pupa, madini ya fosfati na potasiamu hushuka ghafla kwenye damu, na moyo unaweza kusimama. Anaanziwa kidogo, anapewa vitamini B1, damu inapimwa, ndipo kiasi cha chakula kinapandishwa. Anayempokea hawezi kufanya hivyo kama hajaambiwa mgonjwa ana siku ngapi hajala. Kwangu mimi, taarifa hiyo ina uzito sawa na dozi ya mionzi.

Kwa hiyo barua iseme alikuwa na kilo ngapi kabla ya kuugua na ana ngapi leo, anameza nini na nini kinamkwama, mpira ni wa aina gani na uliwekwa lini, anapitishiwa nini na mara ngapi kwa siku. Kisha namba ya simu ya mtu, si ya mapokezi. Na kabla gari halijaondoka, piga simu kule anakokwenda uulize kama wana mtu anayeweza kurudisha mpira ukitoka.

Ninyi mnaouguza: mgonjwa aketi wima wakati wa kulishwa na kwa muda baada yake, uji uchujwe, mpira usafishwe kwa maji safi kabla na baada. Mpime kila wiki kwenye mizani ileile, bila viatu. Na muwe na daftari. Yule binti aliendelea na lake. Mpira uliporudishwa, ukurasa uliofuata ulisomeka 44, ukafuata 44 tena, kisha 45.