Kumhesabu Nyangumi Kwenye Bahari ya Barafu

Mhadhara uliotolewa Zanzibar mbele ya wanafunzi wa sayansi ya bahari na wavuvi

Assalamu alaykum. Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na wazee wangu wa Nungwi na Kizimkazi mlioacha vyombo vyenu mkaja kunisikiliza, ahsanteni sana.

Nimetakiwa nieleze maisha ya melini huko kusini kwenye barafu. Nitaeleza, lakini aliyekuja akitarajia hadithi ya nyangumi wanaorukaruka kila saa, atavunjika moyo. Sehemu kubwa ya kazi ni kusimama kwenye baridi, kutazama maji matupu, kisha kuandika kwenye fomu kwamba hukuona kitu. Na fomu hiyo ina thamani sawa na ile ya siku uliyoona nyangumi kumi. Mwanafunzi asiyekubali hilo, namshauri atafute fani nyingine.

Mtu ataniuliza: kwa nini kwenda mbali hivyo, na nyangumi wanatujia wenyewe hapa kila msimu wa kusi? Ni kweli, hawa wa nundu mnaowaona kuanzia Julai mpaka Novemba wanakuja. Lakini wanakuja kupandana na kuzaa. Kula hawali, au wanakula kidogo mno. Mama anamnyonyesha mtoto kwa shahamu aliyokuja nayo mwilini. Chakula chao kiko Antaktika, nacho ni krili, mdudu wa jamii ya kamba asiyezidi sana sentimita 6, anayejazana majini mpaka bahari ikabadilika rangi. Nyangumi buluu mkubwa, jamaa yake huyu wa nundu, anaweza kumeza tani 16 kwa siku. Ukitaka kujua kama wanashiba, kama majike wana mimba, kama wanaongezeka, huna budi uwafuate huko.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana sayansi hii ilizaliwa machinjioni, na si vizuri tuifiche asili yake.

Novemba 1904 Mnorwe mmoja, Carl Anton Larsen, alifungua kituo cha kuchakata nyangumi Grytviken, kwenye kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki. Vituo vingine vikafuata. Mpaka shughuli hiyo ilipokoma mwaka 1965, nyangumi 175,250 walikuwa wamechakatwa katika kisiwa hicho kimoja. Waingereza waliokitawala walikuwa wakitoza ushuru kwenye mafuta, na kufika miaka ya 1920 wakaingiwa na hofu kwamba mali itakwisha. Nasema hofu ya mapato, wala sikuita huruma. Fedha za ushuru huohuo ndizo zilizogharimia utafiti ulioitwa Discovery Investigations. Mwaka 1925 meli Discovery, ileile iliyojengwa Dundee kwa ajili ya Kapteni Scott, mpelelezi wa Antaktika, iliondoka chini ya mwanasayansi Stanley Kemp, na mwaka huohuo maabara ikajengwa King Edward Point, mwendo mfupi tu kutoka machinjio ya Grytviken.

Hebu tuwatazame wanasayansi wawili wa utafiti huo, Neil Mackintosh na J.F.G. Wheeler. Kituo kina uwanja mpana wa mbao unaoshuka mpaka majini, umelowa damu na mafuta, na anayekanyaga bila misumari kwenye soli anaanguka. Nyangumi anavutwa juu kwa winchi. Wachunaji wanaanza papo hapo na visu vyao virefu, maana wanalipwa kwa kazi, na hawamsubiri msomi mwenye daftari. Katika nafasi hiyo finyu wawili hawa wapime urefu, wakate shahamu wapime unene, wachungulie tumboni alikula nini, wazitafute ovari ndani ya rundo la nyama, na kama kuna kijusi nacho wakipime. Kisha nyangumi mwingine anavutwa. Ripoti yao ya mwaka 1929 ilitokana na nyangumi 1,683, pamoja na wale waliopimwa Saldanha, Afrika Kusini. Mengi tunayoyajua kuhusu muda wa mimba, ukubwa wa kupevuka na kwamba jike hazai kila mwaka, mizizi yake iko pale.

Watafiti wa Discovery walitaka pia kujua nyangumi wanahamia wapi. Wakatengeneza alama: kijibomba cha chuma chenye namba, kinapigwa kwa bunduki kikazama mwilini mwa nyangumi. Atakayekirudisha London alilipwa pauni moja. Lakini ili kijibomba kirudi, sharti nyangumi auawe. Vingine vilikutwa vimebaki ndani ya masufuria makubwa ya kuyeyushia mafuta, baada ya mwenyewe kwisha kabisa. Mbinu hii ilitufundisha mengi, sikatai. Ila sijui utafiti mwingine ambao jibu lake lilimtegemea muuaji kiasi hicho.

Tena muuaji hakuwa mkweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili mataifa yaliunda Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, na kila nchi ikawa inapeleka hesabu zake. Umoja wa Kisovieti uliandika kwamba umeua nyangumi wa nundu 2,710 katika bahari za kusini. Mambo yalipofichuliwa katika miaka ya 1990, na Warusi wenyewe waliotunza daftari za siri, ilionekana wameua zaidi ya 48,000. Hao ni ndugu wa hawa wanaopita hapa kwetu. Kwa nyangumi buluu wa Antaktika, makadirio ni kwamba walikuwa kama 239,000 kabla ya uwindaji, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walibaki kama 360. Mia tatu na sitini, bahari yote ile.

Kwa hiyo ikabidi wahesabiwe wakiwa hai, na mtu asiyeuza mafuta. Tume ilianza safari zake za kuhesabu msimu wa 1978/79, zikaendelea kila mwaka mpaka 2010, zikaizunguka Antaktika yote mara tatu.

Unahesabuje? Meli inapewa mstari kwenye ramani, inaufuata kwa mwendo uleule, haipindi kwa sababu umeona kitu kizuri pembeni. Juu mlingotini kuna pipa la kusimamia watu. Ukiona pumzi unaita: pembe ngapi kutoka omo, umbali gani. Umbali unausoma kwa mistari midogo iliyochorwa ndani ya darubini, unapima pumzi iko chini ya upeo kwa mistari mingapi. Wa karibu na meli utawaona karibu wote, wa mbali watakupita. Hesabu inakadiria ni wangapi wamekupita.

Lakini hata wa karibu wapo wanaokupita, kwa kuwa amezama au kwa kuwa ulipenga kamasi. Hapo kuna ujanja ninaoupenda kuliko yote. Wanawekwa watu makundi mawili, moja juu, jingine chini yake, na ni marufuku kuambizana. Kila kundi linatoa taarifa yake chumba cha usukani. Wale walioonwa na kundi moja, likakosa jingine, ndio wanaotuambia tunakosa wangapi. Rahisi, lakini inataka nidhamu: umuone nyangumi mita mia mbili mbele yako, umsikie mwenzako chini hasemi kitu, na wewe unyamaze.

Pumzi zenyewe mtu hujifunza kama mvuvi anavyojifunza tanga la mwenzake kwa mbali. Nyangumi buluu anapuliza nguzo ndefu iliyonyooka, mita tisa hivi. Wa nundu, kichaka kifupi kinene. Yule mwenye matundu ya pumzi yaliyoachana, Waingereza humwita right whale, hutoa pumzi yenye panda, kama herufi V. Na minke, mdogo wao, mara nyingi huoni pumzi. Unaona mgongo mweusi, basi.

Sasa maisha. Katika meli niliyokuwemo tulitoka Punta Arenas, Chile, na kabla hatujaziona barafu tulikaguliwa viatu na mifuko ya makoti. Mbegu moja ya nyasi iliyonasa kwenye soksi ni kosa kubwa kule. Halafu ukaja Mlango wa Drake, bahari iliyo kati ya Amerika Kusini na Antaktika. Mimi ni mtoto wa pwani na nilijigamba kwamba bahari hainilevyi. Ilinilevya. Kusi la hapa mnalijua. Kule wimbi halivunjiki kwa sababu hakuna nchi ya kulivunja, linaizunguka dunia. Ukilala unajibana kitandani kwa mito pande zote mbili. Mpishi anatandika kitambaa kibichi mezani ili sahani zisiteleze. Tangawizi niliyobeba kutoka nyumbani iliwafaa wengi, na iliniletea marafiki upesi kuliko elimu yangu.

Zamu ilikuwa saa moja moja, unahama kutoka pipani kwenda usukani, kisha unakwenda kupasha mikono. Baridi yenyewe, kwa kipimajoto, si ya kutisha sana kiangazi. Mara nyingi inazunguka sifuri. Kinachoua ni upepo pamoja na kusimama tuli. Pumzi yako inaganda kwenye vioo vya darubini, ukifuta kwa glavu unapaka mafuta, basi kwa nusu saa unatazama ukungu wako mwenyewe. Kalamu ya wino inagoma, tunaandika kwa penseli. Bahari ikichafuka au ukungu ukishuka, kazi inasimama, maana hesabu ya hali mbaya ni hesabu mbovu. Hapo zinaweza kupita siku nzima watu wamekaa chumba cha kulia, wanacheza karata na kugombania biskuti. Mboga mbichi zinaanza kwisha, kabichi ndiyo inayodumu. Mpishi akinuna, meli nzima inanuna.

Mzee mmoja aliniuliza hapo mlangoni: uliswali vipi? Swali zuri. Ukivuka nyuzi 66 na nusu kusini wakati wa kiangazi chao, jua halizami. Linazunguka tu pembeni mwa mbingu. Magharibi utaijua kwa kitu gani? Fatwa niliyoifuata ni ya kuchukua nyakati za nchi iliyo karibu ambayo usiku na mchana vinatofautiana. Kibla tulikuwa nacho kwenye simu. Nacho kinatulia mpaka nahodha anapoamua kukwepa siwa barafu, na ukiwa katika rakaa ya pili meli inageuka chini yako. Mashekhe hapa watatueleza hukumu yake. Mimi niligeuka nayo.

Kuona peke yake hakutoshi. Nyangumi buluu ni wachache mno, unaweza kufuata mstari wiki mbili usimuone hata mmoja. Ndipo mwaka 2013 watafiti wa Australia, katika meli Amaltal Explorer iliyotoka Nelson, New Zealand, walipoamua wamtafute kwa masikio. Walitumia maboya ya kijeshi, yaliyobuniwa kusikilizia nyambizi. Unalitupa boya tezini, linashusha maikrofoni kwenye waya kina kirefu, na redio yake inarudisha sauti melini, pamoja na upande inakotoka. Ukitupa mawili, mistari miwili inakatana, na mkatano ndipo alipo. Wimbo wa nyangumi huyu uko chini sana, kama mitikisiko 26 kwa sekunde, sikio la mtu linaambulia kwa taabu. Mara nyingi unautazama badala ya kuusikia: kwenye skrini unajichora kama herufi Z, sekunde ishirini hivi, kisha unarudia. Walirekodi saa 626, milio 26,545. Waliufuata wimbo kutoka mbali mpaka wakafika kwa wenyewe, wakapata picha za kutambulisha nyangumi 57, vipande vya ngozi 23, na wawili wakafungwa vifaa vya setilaiti, wa kwanza wa aina yao. Jambo moja bado linatushinda: sauti hiyo inashuka kidogo mwaka hadi mwaka, karibu kila bahari, na hakuna maelezo ambayo sote tumekubaliana.

Vile vipande vya ngozi, wanafunzi huniuliza vinachukuliwaje. Ni mshale wenye ncha fupi ya bomba, unatoka kwenye upinde wenye kitako kama cha bunduki. Unagonga ubavu, unadunda, unaelea majini ukiwa na kipande cha ngozi na shahamu kisichozidi ncha ya kidole. Wengi wanashtuka kidogo, wengine hawajali kabisa. Kazi ngumu iko kwenye boti ndogo: mpigaji amesimama, rubani anashika mwendo sawa na nyangumi, na wote wawili wananuka, kwa sababu pumzi ya nyangumi, wazee wangu, ni samaki waliooza. Ndani ya kile kipande kuna homoni inayosema kama jike ana mimba. Kwenye rasi ya Antaktika, kati ya 2010 na 2016, majike wa nundu waliopimwa hivyo walikuwa na mimba kwa asilimia 63.5. Mackintosh na Wheeler iliwabidi wakate tumbo ili wajue hilo.

Alama ya chuma nayo imepata mbadala. Chini ya mkia wa nyangumi wa nundu kuna mabaka meupe na meusi, kila mmoja na yake. Anapozama akiinua mkia, piga picha. Dume mmoja alipigwa picha pwani ya Colombia, upande wa Pasifiki, mwaka 2013, na tena 2017. Agosti 2022 akapigwa picha hapa, mkondo wa Zanzibar. Kilomita 13,046 kati ya mahali na mahali kwa mstari mfupi kabisa. Alizoogelea kweli ni zaidi. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka 2024, ulikuwa umbali mrefu kuliko wote uliokuwa umethibitishwa kwa nyangumi wa nundu. Huenda alichanganyika na nyangumi wa upande wetu huko kwenye krili, akafuata kundi geni. Huenda alikuwa anatafuta jike.

Picha ile ilipigwa kwenye maji mnayovua ninyi. Simu inatosha, mradi ni upande wa chini wa mkia, na muandike tarehe na mahali. Msimfukuze ili ainue mkia, na mama mwenye mtoto muwaacheni. Mletee mwalimu yeyote wa hapa, naye atajua pa kuipeleka.

Mwenyekiti, nimemaliza. Naona mkono kule nyuma umeinuka tangu nilipotaja mishale.