Magadi ya Jikoni na Mwezi wa Zohali

Wakubwa, shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Bonge hili mkononi mwangu ni magadi, yale yale yanayotiwa kwenye sufuria ya maharagwe yanapogoma kuiva. Nimelinunua sokoni asubuhi. Nalivunja, natia kipande kwenye bakuli la maji, nakoroga, kisha nachovya karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha uasidi au ubesi. Wa nyuma mnaona? Ilikuwa ya manjano, sasa ni bluu iliyokolea: maji haya yana ubesi mkali.

Shikeni rangi hiyo akilini, twende mbali kidogo. Sayari ya Zohali ina mwezi mdogo uitwao Enceladus, wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi, uliofunikwa barafu pande zote. Mwaka 2005 chombo cha anga cha Cassini kiliona maji yakifoka kwenye nyufa za ncha yake ya kusini. Chembe za barafu zinazorushwa kutoka huko zilipopimwa, zilikutwa na chumvi ya kawaida pamoja na kaboneti za sodiamu. Yaani magadi! Tena mwaka 2023 watafiti waliozichambua data za Cassini walitangaza kuwa fosfeti, yaani chumvi zenye fosforasi, nazo zimo, na bila fosforasi hakuna DNA, kemikali inayobeba urithi wa viumbe.

Je, kiumbe anaweza kuishi kwenye maji ya namna hiyo? Jibu la kuanzia tunalo hapa hapa, Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado, Kenya. Maji yake yana pH inayopita 10. Ukiyasugua vidoleni yanateleza kama sabuni. Lakini ule wekundu unaolitanda ziwa wakati wa kiangazi ni uhai: ni vijidudu vya kundi la akea, viumbe wa seli moja wanaofanana na bakteria lakini si bakteria, na kimoja wapo kimepewa jina la ziwa lenyewe, Natrialba magadii.

Hapo ndipo mwanafunzi wa biolojia anapouliza: seli inawezaje kuishi humo bila ndani yake kugeuka magadi matupu? Hawezi kujibu bila mwenzake wa kemia. Wa fizikia atataka kujua wekundu ule unarudishaje mwanga, na kama darubini ingeutambua kutoka mbali. Na wa jiolojia, ambaye mara nyingi tunamsahau, ana hazina yake. Mwaka 1967 mtafiti Hans Eugster alieleza madini aliyoyakuta Magadi, yakaitwa magadiiti, ambayo baadaye hugeuka kuwa jiwe la jamii ya gumegume. Mawe ya jamii hiyo ndiyo yanayotunza vizuri mabaki ya vijidudu vya kale sana. Anayetafuta alama za uhai wa zamani kwenye mawe ya Mirihi anahitaji kujua jiwe kama hilo linavyozaliwa.

Nilipokuwa mwanafunzi, nilimaliza shahada nzima bila kuvuka mlango wa idara ya jiolojia, iliyokuwa ghorofa ya chini ya maabara yetu. Linaniuma mpaka leo. Nanyi mnaambiwa utafiti wa kweli utakuja mbele, mkifika uzamili.

Si lazima usubiri. Miaka ya 1960, Hudson Freeze alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Akiwa na mwalimu wake Thomas Brock, alifaulu kuotesha bakteria kutoka chemchemi za maji moto za Yellowstone, anayestawi kwenye nyuzi 70 hivi za selsiasi. Wakamwita Thermus aquaticus, wakamtangaza mwaka 1969. Kimeng'enya cha bakteria huyo ndicho kilichokuja kurahisisha PCR, mbinu ya kunakili DNA iliyotumika kupima Uviko duniani kote. Kijana wa shahada ya kwanza!

Walimu wenzangu, tuwape swali moja wanafunzi wanne wa idara nne, walisimamie pamoja mwaka mzima, na alama zao zitoke kwenye ripoti moja. Chupa za sampuli, kipimajoto na hadubini tunavyo.

Bakuli nimeliacha hapa mezani, na karatasi zipo pembeni. Njooni mpime wenyewe.